Treni iliyogeuka nyuma ili ipande mlima

Mwaka 1983 nilikuwa Beijing nikisomea uhandisi wa njia ya reli. Siku hizo miji mingi ilikuwa haifikiki bila kibali cha polisi kwa mgeni, ila Badaling, kwenye Ukuta Mkuu, ilikuwa wazi. Nikakata tiketi ya kiti kigumu. Ndivyo madaraja yalivyoitwa: kiti kigumu, kiti laini, kitanda kigumu, kitanda laini.

Mhudumu alipita na birika la maji ya moto, kila abiria akatoa kikombe chake cha bati chenye majani makavu ya chai ndani. Mimi sikuwa nacho. Mzee wa mbele yangu akanywa nusu ya chake, akanisogezea. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia "Tansangniya", akashika goti langu, akachora kwa kidole reli ndefu mezani. Alikuwa akiijua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na Wachina, kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Baada ya Nankou mlima ukaanza. Hapo kila mita 1,000 njia hupanda hadi mita 33, na kwa treni huo ni mwinuko mkali mno: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi kwenye lami. Ndiyo maana injini moja huvuta mbele na nyingine husukuma nyuma.

Tulipofika Qinglongqiao treni ikasimama, kisha ikaondoka kinyumenyume. Injini ya nyuma sasa ikawa ya mbele. Niliteremsha kioo, nikaona chini yetu ile njia tuliyojia, zote mbili zikikutana kama alama ya Kichina ya neno "mtu", 人.

Aliyebuni ni Zhan Tianyou, aliyesoma Yale, akaijenga reli hii kati ya 1905 na 1909 kwa wahandisi wa Kichina wenyewe. Kwa kupinda hivyo alipata urefu wa kupandia, hivyo handaki la Badaling likawa fupi, mita 1,091. Hata hilo alilichimba pia kwa mashimo yaliyoshuka kutoka juu ya mlima, ili vibarua wafanye kazi sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Mpaka leo naiona ni kazi ya akili kubwa kuliko madaraja mengi marefu niliyoyapitia baadaye.

Ila ina gharama yake. Treni haiwezi kuzidi urefu wa kipande cha reli kilichopo pale kwenye ncha, na kila safari hupoteza muda wa kusimama na kugeuza.

Miaka mingi baadaye, kwenye TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, vijana wa gengi la kutengeneza njia waliniuliza kwa nini Wachina walitoboa mahandaki mengi vile badala ya kuizungusha njia. Nikaomba chaki, nikachuchumaa, nikawachorea 人 juu ya taruma la zege lililobeba reli.