Ukungu wa karanga si penisilini

Kila msimu wa karanga hapa Dodoma sikosi kuulizwa: "Mwalimu, si mlitufundisha penisilini ilitoka kwenye ukungu? Sasa kwa nini tutupe karanga zilizoota ukungu?"

Ukungu hautengenezi dawa kwa ajili yetu. Udongoni unagombea chakula na bakteria, na kwa kuwa hauwezi kuhama, unamwaga kemikali. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, huwazuia bakteria kuunganisha vizuri ukuta wa seli zao. Bakteria akikua, ukuta unalegea, maji yanamjaa, anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa inamwangamiza mdudu na kumwacha mgonjwa, ukitoa wale wenye mzio. Bahati ya namna hiyo ni adimu.

Maabara tunaweka kipande cha kuvu kilichotoka kwenye kichuguu juu ya sahani iliyopakwa bakteria. Kesho yake bakteria wametanda sahani nzima, ila kando ya kuvu pamebaki duara tupu lisilo na bakteria, tunalipima kwa rula. Wanafunzi hushangilia. Mimi nasubiri, maana duara halisemi lolote kuhusu ini la mtu. Hata jiki ukiidondoshea pale, utapata duara.

Kemikali nyingi huishia hapohapo. Chache hupenya. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu alichukua ukungu kwenye maji taka yanayoingia baharini huko Cagliari, Italia; humo ndimo ulimoanzia ukoo wa sefalosporini, dawa za kuua bakteria, ambao sindano za ceftriaxone zimetokana nao. Griseofulvini, dawa ya mapunye, nayo ni zao la ukungu, ila inapambana na ukungu mwenzake! Hujipenyeza kwenye nywele zinapoota, kwa hiyo mtoto huimeza kwa wiki kadhaa. Mzazi akikatisha kwa kuwa kichwa kimeacha kuwasha, mapunye yanarudi.

Sasa karanga zenu. Ukungu unaozipenda ni Aspergillus flavus, na kemikali yake ni aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta saratani. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Kukaanga au kuchemsha hakuimalizi. Chambueni zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, mzitupe. Msiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa: akizila, sumu inatoka na maziwa.