Je, kompyuta ya kwanta inaweza kufungua pochi ya Bitcoin?

Kompyuta ya kwanta, yaani inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana, inaweza, mradi ipate kwanza ufunguo wako wa umma. Wengi wanaouziana kripto hapa Kampala hawaangalii kabisa upande huo.

Pochi hubeba ufunguo wa siri, namba ya biti 256 ambayo anayeijua anaweza kutumia pesa zako, na kutokana nao hukokotolewa ufunguo wa umma. Kompyuta za kawaida haziwezi kuirudisha hesabu hiyo nyuma, hata zikikesha mamilioni ya miaka. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba ya kwanta inaweza. Mashine yenyewe bado haipo: hesabu iliyochapishwa 2017 ilitaka kyubiti (biti za kompyuta ya kwanta) 2,330 hivi zisizokosea, na kuunda moja tu ya namna hiyo hula kyubiti halisi nyingi. Chipu ya Willow ya Google, iliyotangazwa Desemba 2024, ina kyubiti 105, nazo hukosea.

Sasa tazama anwani yako. Ikianza na bc1q, kinachoonekana ni heshi ya ufunguo wa umma, yaani alama iliyokokotolewa kutoka kwake, na mbinu ya Shor haifui dafu mbele ya heshi. Lakini ukishatuma pesa kutoka hapo mara moja, ufunguo wenyewe unaandikwa kwenye blokcheni, daftari la wazi la miamala yote, na haufutiki. Mfanyabiashara aliyewapa wateja wote anwani moja kwa WhatsApp, akawa anapokea na kutuma kwa hiyo hiyo, salio lake lote limelala kwenye ufunguo ulio wazi. Anwani za bc1p, zilizokuja 2021, huuonyesha tangu mwanzo. Kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, akaunti ya kawaida huwa wazi baada ya muamala wa kwanza.

Bonyeza "Pokea" kwenye pochi, upate anwani mpya ya bc1q, uhamishie salio lote bila kubakiza, kisha uwaambie wateja wasitume tena kwa ile ya zamani. Tuma kiasi kidogo kwanza uhakikishe kimefika. Kazi hii haihitaji kumpa mtu yeyote maneno yako 12 ya siri yanayorejesha pochi. Anayeyaomba ili "akukinge na kwanta" ni mwizi.

Kinga kamili lazima itoke kwenye mtandao wenyewe. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya saini za kidijitali, zile zinazoidhinisha muamala, zinazohimili kwanta. Tatizo ni uzito: saini ya Bitcoin ya leo ni baiti 70 hivi, ya ML-DSA, mojawapo ya hizo mpya, iliyo ndogo kabisa ni 2,420. Bloku, yaani kila ukurasa wa blokcheni, itabeba miamala michache, ada itapanda, na ndiyo maana wasanidi bado wanabishana.