Kumwacha mbwa au paka kituoni ukisafiri: dhana potofu na ukweli

Kinachoharibu mipango mingi ya kumwacha mnyama kwenye kituo cha malezi ni kalenda. Watu hutafuta nafasi siku chache kabla ya safari, ilhali baadhi ya maandalizi huchukua zaidi ya mwezi.

Dhana: "Nitamchanja siku moja kabla, kituo kinataka cheti tu."

Cheti kitamfungulia mlango, lakini mwili wake utakuwa haujajenga kinga. Chanjo ya kikohozi cha mabanda (ugonjwa wa njia ya hewa ambao mbwa huambukizana) inayodondoshewa puani huhitaji angalau siku 3 ndipo ianze kumlinda. Ile ya sindano, kwa mbwa anayeipata mara ya kwanza, hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki 2 hadi 4, na kinga hukamilika takriban wiki moja baada ya dozi ya pili. Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa nayo hungojewa wiki 3 hadi 4. Kwa mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa, basi, hesabu wiki 6 kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari. Aliye na rekodi kamili, muda wa wiki 2 unatosha kuhakiki tarehe na kumpa dawa ya viroboto na kupe.

Hata hivyo, mbwa aliyechanjwa anaweza kukohoa. Kikohozi hicho huletwa na vimelea wengi, wakiwemo bakteria Bordetella bronchiseptica na virusi vya parainfluenza, na chanjo kazi yake kubwa ni kupunguza ukali. Ndiyo maana kituo kisichouliza vyeti hakifai kabisa, hata kama wako amechanjwa.

Dhana: "Panang'aa na pananukia, basi ni pasafi."

Virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwatapisha mbwa vibaya, huweza kudumu sakafuni kwa miezi mingi, na dawa nyingi zenye manukato haziviui. Usafi wa kweli una hatua zake: kuondoa kinyesi, kusugua kwa sabuni, kusuuza, kisha kumwaga dawa ya klorini iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 30 na kuiacha sakafu ikiwa imelowa kwa dakika 10 kabla ya kusuuza tena. Ukiruka kusugua, uchafu huimaliza nguvu klorini. Mwulize mhudumu anayeshika ufagio, si meneja. Anayeifanya kazi hiyo kila siku atakueleza bila kusita. Kwa upande wa paka, uliza pia kama wanatumia dawa zenye fenoli, maana hizo ni sumu kwao.

Tazama kama lango la nje lina la pili ndani yake, ili mbwa akichomoka la kwanza akutane na kizuizi. Kisha uliza nani hulala pale usiku. Jibu la "tuna mlinzi getini" halitoshi: anatakiwa mtu wa kusikia mnyama akitapika saa nane za usiku.

Dhana: "Paka asipokula siku mbili tatu, anasusa tu."

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Paka, hasa mnene, asipokula kwa siku kadhaa, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaa hadi lishindwe kufanya kazi; asipotibiwa hufa. Kubalianeni kwa maandishi kwamba akipitisha saa 24 bila kula, utapigiwa simu na daktari ataarifiwa. Paka dume anayeingia kwenye mchanga wa kujisaidia mara kwa mara bila kutoa mkojo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Chumba cha paka kisitazamane na mbwa, kiwe na boksi la kujifichia, na mchanga wake uwe mbali na bakuli la chakula. Asiyekuwa na pa kujificha hubaki na hofu, na hofu huweza kuamsha virusi vya mafua vilivyolala mwilini.

Dhana: "Chakula cha kituo kitamfaa."

Kubadilisha chakula vizuri huchukua takriban siku 7. Ukibadili ghafla anaweza kuharisha. Mfungie chakula chake mlo kwa mlo, na uongeze cha siku 2, safari ikichelewa.

Dhana: "Kidonge cha usingizi kitamtuliza."

Asepromazini, inayotumika sana, hulegeza mwili lakini hofu hubaki palepale, na hushusha shinikizo la damu. Cha kufaa zaidi ni kumlaza kituoni usiku mmoja wa majaribio wiki 2 au 3 kabla ya safari. Akigoma kula au akijiumiza kwenye mlango, utakuwa na muda wa kumtafutia mtu wa kumlea nyumbani.

Dhana: "Dawa zake nimeshawaeleza."

Maelezo ya mdomo hayavuki zamu ya pili. Andika jina la dawa, kipimo, saa, na la kufanya dozi ikikosekana. Kwa mwenye kisukari, peleka insulini pamoja na sirinji zake mwenyewe: insulini ya U-100 (uniti 100 kwa mililita) ikivutwa kwa sirinji ya U-40 (iliyopimwa kwa uniti 40 kwa mililita), mnyama hupata dozi mara 2.5. Daktari aandike pia kipimo cha siku ambayo hajala, kwani dozi kamili kwa tumbo tupu huweza kushusha sukari hadi azimie.

Acha na idhini ya matibabu yenye kiwango cha fedha unachoruhusu na namba ya mtu wa kuamua usipopatikana.

Dhana: "Amerudi mzima, yamekwisha."

Kulala siku nzima na kunywa maji mengi ni kawaida. Mpe maji kidogo kidogo asije akatapika. Kikohozi cha mabanda, hata hivyo, huweza kujitokeza siku 2 hadi 14 baada ya maambukizi. Mtenge na mbwa wengine kwa wiki 2, na akianza kukohoa kama aliyekwamwa na kitu kooni, mpigie daktari kabla ya kumpeleka, kisha kijulishe kituo ili wawachunguze waliolala jirani naye.