Rebeti ya Gari Jipya Marekani: Nani Amepunguza Bei, na Kodi Inapigwa Wapi

Wanachama wanaotuletea mikataba ya magari mapya ili tuwasomee kabla hawajasaini hukwama kwenye mstari uleule. Tangazo lilisema bei imeshuka kwa dola 2,500, lakini kodi ya mauzo imepigwa kwenye bei ya kabla ya kushuka. Wengine huamini wameibiwa. Mara nyingi hawajaibiwa: sheria ya jimbo lao ndivyo inavyosema. Asiyejua sababu yake, hata hivyo, hupoteza fedha nyingi mahali pengine, pale anapokaa na muuzaji kupatana bei.

Tuanze na kodi yenyewe. Marekani haina VAT ya nchi nzima. Kodi ya mauzo hutozwa na majimbo, na mara nyingi kaunti na miji huongeza asilimia zake juu. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayana kodi hiyo katika ngazi ya jimbo. Mengine 45 yanayo, pamoja na Washington, D.C. California huanzia asilimia 7.25, Texas hutoza magari asilimia 6.25, Pennsylvania asilimia 6, na ukiwa Philadelphia inafika 8. Aliyezoea maduka ya Dar es Salaam au Nairobi, ambako bei anayotajiwa kwa kawaida imeshabeba VAT, ashike hili: bei iliyobandikwa kwenye kioo cha gari hapa haina kodi ndani yake. Tena kodi hufuata mahali utakaposajili gari. Mkazi wa Philadelphia akivuka kwenda kununua Delaware, kodi ya Pennsylvania inamngoja wakati wa usajili.

Sasa rebeti. Hizi ni fedha ambazo kiwanda kilichotengeneza gari kinampa mnunuzi ili bidhaa itoke. Punguzo la yadi ni jambo jingine: hapo mwenye yadi anakubali kupokea kidogo kuliko alivyotaka. Mfukoni mwako zote mbili zinaonekana sawa, lakini mbele ya sheria ya kodi zinaweza kuwa mbali sana. Chukulia umeingia dukani kununua kitenge cha shilingi 30,000, shangazi yako akamlipa mwenye duka 5,000, wewe ukatoa 25,000. Mwenye duka amepokea ngapi? Amepokea 30,000 kamili. Hivyo ndivyo California, New York na Florida zinavyoitazama rebeti ya kiwanda. Yadi imepata bei yote, sehemu kutoka kwako na sehemu kutoka kiwandani, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye bei yote. Pennsylvania inakwenda njia nyingine: rebeti ikionyeshwa kwenye ankara wakati wa mauzo, inapunguza bei inayotozwa kodi.

Kwa tarakimu, gari la dola 32,000 likiwa na rebeti ya 2,500, mnunuzi wa California katika eneo la asilimia 7.25 atalipa kodi ya dola 2,320. Kama zile 2,500 zingekuwa punguzo la yadi, kodi ingekuwa 2,138.75. Tofauti ni dola 181.25. Si fedha nyingi, lakini ni zako. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: punguzo hili linatoka kwenu au kiwandani? Jibu liandikwe kwenye karatasi, kila kimoja kwenye mstari wake.

Linaloniuma zaidi ya hizo dola 181 ni jinsi rebeti inavyotumiwa kumaliza mapatano kabla hayajaanza. Muuzaji anasema, “Tumeshakupunguzia dola 2,500, hapa ndipo mwisho wetu.” Ukiangalia vizuri, yadi haijatoa hata senti. Kiwanda ndicho kilichotoa, na mnunuzi yeyote mwenye sifa angeipata. Kwa hiyo patana bei kana kwamba rebeti haipo. Fikeni kwanza kwenye bei ya yadi yenyewe, kisha rebeti ikatwe chini yake. Ukifika hujui kiwanda kinatoa nini, huwezi kufanya hivyo. Tovuti ya kiwanda inaonyesha rebeti zilizopo ukiandika namba ya posta ya eneo lako, pamoja na tarehe ya mwisho. Soma pia nani anastahili. Kuna rebeti za wanajeshi, za waliohitimu chuo karibuni, za wanaomiliki tayari gari la kampuni hiyo. Matangazo mengine hujumlisha zote na kutoa bei ambayo karibu hakuna mtu mmoja anayeweza kuipata.

Watu wetu wanajua kupatana bei. Aliyekulia karibu na Kariakoo au Gikomba hahitaji kufundishwa kunyamaza, wala kuondoka taratibu huku akisubiri kuitwa. Tatizo la yadi za hapa ni kwamba muuzaji hachezi na bei peke yake. Ana bei ya gari jipya, thamani ya gari la zamani unalomwachia, kianzio, riba na malipo ya kila mwezi, na anaweza kukupa kwenye kimoja akachukua kwenye kingine. Ndiyo maana swali lake la kwanza mara nyingi huwa, “Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?” Usilijibu. Mkopo wa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 7 unalipwa takribani dola 594 kwa mwezi ukiwa wa miezi 60. Ukivutwa hadi miezi 84, malipo yanashuka hadi kama 453, na unaweza kudhani umepunguziwa. Jumla yake ni dola 2,390 hivi zaidi, kwa gari lilelile.

Badala yake, andikia yadi kadhaa barua pepe ukitaja modeli moja na vifaa vyake, uombe bei ya mwisho kabisa, kodi na ada zote ndani, kila kitu kikiwa kimeorodheshwa. Karatasi ya dirishani, inayotakiwa na sheria ya shirikisho tangu 1958, inaonyesha bei inayopendekezwa na kiwanda, na gharama ya kusafirisha gari hadi yadi imeshahesabiwa humo. Ukiona usafirishaji umeongezwa tena kwenye hesabu, uliza. Nenda pia ukiwa na mkopo ulioidhinishwa tayari na benki au chama cha akiba na mikopo. Yadi ikikutafutia mkopo, inaruhusiwa kupandisha riba juu ya ile iliyotolewa na mkopeshaji na kubaki na sehemu ya ziada hiyo. Ukiwa na idhini mkononi una kitu cha kulinganisha.

Kulinganisha kunahitajika hasa pale kiwanda kinapokuambia uchague kimoja, rebeti au mkopo wa riba ndogo. Chukua mkopo wa dola 30,000 kwa riba sifuri, miezi 60: unalipa 500 kwa mwezi, basi. Ukichagua rebeti ya 2,500, unakopa 27,500, na kwa asilimia 6 utarudisha karibu dola 31,900. Hapo riba sifuri imeshinda kwa mbali. Rebeti ikiwa kubwa, au ukilipa taslimu, hesabu inageuka. Waislamu wasiotaka riba wanaolipa fedha zote kwa mkupuo waulize mapema kama rebeti iliyotangazwa inadai kukopa kupitia kampuni ya fedha ya kiwanda. Nyingine zinadai hivyo, na sharti lake limefichwa kwenye maandishi madogo.

Gari la zamani nalo lina kodi yake. Texas hutoza tofauti tu: ukinunua la dola 32,000 na kuacha la 8,000, kodi inapigwa kwenye 24,000, yaani dola 1,500 badala ya 2,000. Kwa hiyo mtu binafsi atakayelinunua gari lako nje ya yadi inabidi akupe angalau dola 500 zaidi ndipo usipate hasara. California haitoi nafuu hiyo. Kodi ni kwenye bei nzima. Huko, kuuza mwenyewe kunaweza kukufaa zaidi.

Mkishakubaliana utapelekwa kwenye ofisi ya fedha, na hapo ndipo wengi huchoka na kusaini. Utakuta ada ya kuandaa nyaraka, ambayo California na New York zimeiwekea kikomo na Florida haijaiwekea. Utakuta dhamana ya ziada, bima ya rangi, na dawa ya viti ambayo hukuiomba. Hivi ni vya hiari, na ukivikataa vinafutwa. Sheria ya California inalazimisha mkataba utafsiriwe pale mazungumzo yalipofanyika kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea. Kiswahili hakimo. Kama Kiingereza cha mikataba kinakupa taabu, nenda na mtu unayemwamini, asiyelipwa na yadi, au omba nakala uje nayo kwetu kabla ya kusaini.

Wala usitegemee zile siku 3 za kurudisha ambazo watu huambiana. Kanuni ya shirikisho ya siku 3 inahusu mauzo kama ya nyumba kwa nyumba. Haigusi gari ulilonunua kwenye yadi. Ukisaini, ukapewa ufunguo, gari ni lako, na deni pia.