Karantini si ya mgonjwa

Neno karantini limeonewa kiasi cha kutosha, na wiki hii limeonewa tena mbele yangu, kwenye banda la video pale Mwanjelwa. Ilikuwa filamu ya Kimarekani ya mwaka 2009, Carriers, ya ndugu wawili wa Kihispania, Àlex na David Pastor, lakini yenye sauti ya DJ wa kutafsiri juu yake. Vijana wanne wako ndani ya gari, ugonjwa umeshamaliza watu, na wao wanakata jangwa kuelekea ufukwe waliokuwa wakienda utotoni. DJ wetu alikuwa na neno moja tu la kazi yote. Anayefungiwa nyuma ya gari yuko karantini. Anayeshushwa na kuachwa njiani yuko karantini. Hata mizoga ya magari iliyojaa maiti, nayo aliipa karantini. Banda zima likaitikia, na nina hakika wengi walitoka pale na maana hiyo mfukoni.

Maana yenyewe ni fupi. Karantini ni kumzuia mtu, mnyama, mmea au mzigo unaoonekana mzima, ila huenda umekutana na ugonjwa, kwa muda uliopimwa, mpaka ijulikane kama umeambukizwa au la. Basi. Mgonjwa hawekwi karantini. Mgonjwa anatengwa, anatibiwa, na kama ni ng'ombe au nguruwe, mara nyingi anachinjwa na kufukiwa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini neno lenyewe lina safari inayofaa kusimuliwa, na safari hiyo ndiyo inayoonyesha kosa liko wapi.

Karantini ni arobaini. Kwa Kiitaliano arobaini ni quaranta, na watu wa Venice wakalitoa humo jina la siku zile 40 ambazo meli ilisubiri kabla watu na mizigo havijaruhusiwa kugusa nchi kavu. Waarabu na Waturuki wakalichukua kama karantina, Waingereza nao wakalipinda kivyao, na sisi tukabaki na maneno mawili yenye tumbo moja: arobaini ya Kiarabu na karantini ya Kiitaliano. Mswahili hahitaji kufundishwa uzito wa namba hiyo. Mzazi anakaa ndani mpaka atoke arobaini, marehemu anafanyiwa arobaini, na za mwizi tunajua ni ngapi.

Ajabu ni kwamba mwanzoni hazikuwa 40. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik huko Kroatia, uliamuru kwamba yeyote atokaye mahali penye tauni asiingie mjini mpaka akae siku 30 kwenye kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Zilikuwa thelathini, na jina lake lilikuwa trentino, yaani jambo la thelathini. Kama zingebaki hivyo, leo tungekuwa tunasema watu wamewekwa trentini. Baadaye muda ukarefushwa, na arobaini ilikuwa inasubiri mlangoni: gharika ya Nuhu, Musa mlimani, Yesu jangwani, Kwaresima. Waganga wa zamani nao walifundisha kwamba ugonjwa mkali hujitokeza ndani ya siku 40. Namba ya imani na namba ya waganga zikakutana.

Na Waingereza walikuwa nalo hata kabla ya meli na tauni, kwenye sheria ya mirathi. Ule mkataba wao wa mwaka 1215 uitwao Magna Carta ulimpa mjane haki ya kukaa siku 40 ndani ya nyumba ya mumewe huku sehemu yake ikipangwa, na haki hiyo wanasheria wao waliiita kwa jina hilohilo. Nalitaja pembeni tu, kwa faida ya wale wanaomtoa mjane nje na godoro lake kabla matanga hayajaanuliwa.

Sasa turudi Venice, maana pale ndipo pa kumnyamazisha kila mbishi. Mji ule ulikuwa na visiwa viwili kwa kazi hii, siyo kimoja. Mwaka 1423 walifungua hospitali ya tauni kwenye kisiwa kilichokuwa na kanisa la Maria Mtakatifu wa Nazareti. Jina la Nazareti likachanganyikana na la Lazaro, yule maskini wa Injili ya Luka aliyejaa vidonda mlangoni kwa tajiri, pakaitwa lazareti. Humo waliingia wagonjwa. Mwaka 1468 wakaamua kuweka kisiwa cha pili, Lazareti Mpya, na hicho kilikuwa cha wazima wenye shaka: mabaharia wasio na dalili, wafanyabiashara, marobota ya pamba na sufu yakianikwa na kufukizwa. Aliyeugua akiwa kisiwa kipya alihamishiwa cha zamani. Watu hawa hawakujua bakteria wala virusi ni nini, hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba ukimchanganya anayeumwa na anayeshukiwa, wa pili ataumwa hata kama aliingia mzima. Waliweka maji kati ya makundi mawili. Sisi tuna darubini, na bado tunayaita yote karantini.

Hata hapa kwetu tunacho kisiwa cha namna hiyo. Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, watalii wanakiita kisiwa cha gereza na wanakwenda kupigia picha kobe wakubwa. Jengo la gereza lilijengwa kweli miaka ya 1890, lakini wafungwa hawakuletwa. Kikawa kituo cha karantini cha wasafiri wa meli, kwa hofu ya homa ya manjano. Waliokaa pale hawakuwa wafungwa, na wengi wao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wanaosubiri siku zipite.

Kusubiri huko ndiko kiini cha neno, na ndicho kinachokosekana katika ile filamu. Wale vijana wana sheria zao. Wagonjwa waepukwe kwa gharama yoyote. Pumzi yao ni hatari. Walichokigusa kisafishwe kwa dawa kwanza. Na kubwa kuliko zote: aliyeambukizwa ni mfu tayari, anahema tu. Zitazame vizuri uone kuna makundi mangapi. Mzima, na mfu. Hakuna sheria inayosema nini kifanyike kwa mtu ambaye haijulikani yuko upande gani.

Ndipo anapotokea yule baba, Frank, na binti yake mdogo Jodie, gari lao limeishiwa mafuta katikati ya barabara. Mtoto anaumwa, amevaa barakoa. Vijana wanalihitaji gari lile, kwa hiyo wanawachukua wote wawili na kuwaweka nyuma, kisha wanapigilia nailoni kati ya viti vya mbele na nyuma, kingo zote zimebandikwa gundi ya utepe. Hapa ndipo DJ aliposema baba na mtoto wako karantini. Hapana. Mtoto ametengwa, maana anaumwa. Baba haonyeshi dalili hata moja, ndiye hasa wa karantini, na wamemfungia pumzi moja na mgonjwa. Ni kisiwa cha zamani na kisiwa kipya vimegeuzwa kimoja, tena ndani ya gari lililofungwa vioo.

Halafu Bobby, mmoja wa wale vijana wanne na mpenzi wa mwenzao Brian, anamsogelea mtoto aliyekabwa ili amsaidie. Damu inamrukia. Ananyamaza. (Asiyeiona filamu anisamehe, ina miaka ya kutosha.) Dakika ile Bobby si mgonjwa. Huenda asiugue kabisa. Ni mtu wa karantini kwa kila kipimo, na kama kundi lile lingekuwa na mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo, siku kadhaa, chakula kikiachwa mlangoni, angesema. Lakini kwa sheria zao, kusema ni kujihukumu kifo, kwa hiyo anaficha, na kwa kuficha anaupeleka ugonjwa mbele. Watu hutoka kwenye filamu hii wakisema inahusu ukatili wa binadamu. Mimi naona ni watu waliokosa neno la katikati.

Na hapa nyumbani tunalipoteza neno hilo kwa hiari yetu. Nafikiri najua sababu. Kutengwa kwa Kiswahili kunauma. Mtu ametengwa na ukoo, ametengwa na kanisa, ametengwa kijijini kwa tuhuma za uchawi. Muuguzi mwenye huruma hapendi kumwambia mama kwamba mwanawe ametengwa wodini, basi anaazima karantini, neno la kigeni lisilo na machozi ndani yake. Nia ni njema. Matokeo ni kwamba karantini imegeuka jina la wodi ya wanaokufa, na mtu mzima ukimwambia akae karantini anakuja juu: kwani mimi naumwa? Ana haki ya kukasirika, kwa maana tuliyomfundisha. Anatafuta njia ya kuikwepa, anapanda basi la usiku kwenda kwa shemeji yake Makambako, na huenda anakwenda na ugonjwa.

Muda wenyewe siku hizi hauchaguliwi kwa kutazama Kwaresima. Unafuata kipindi ambacho vimelea vinajiatamia mwilini, kama kuku na mayai yake, tangu viingie mpaka dalili itoke. Wakati wa Korona, ile tuliyoambiwa baadaye tuiite UVIKO-19, wasafiri walioingia Tanzania kutoka nchi zenye maambukizi kuanzia mwishoni mwa Machi 2020 walitakiwa kukaa siku 14, kwa gharama zao wenyewe. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, na mlipuko ukatangazwa kwisha Juni 2, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili. Zote ni karantini au jamaa zake, na hakuna yenye 40. Jina limebaki, hesabu imeondoka.

Kuna wanaosema pia kwamba "tulikaa karantini" wakimaanisha shule zilipofungwa mwaka huohuo wa 2020. Ile ilikuwa kufunga shule. Hakuna aliyekushuku wewe binafsi kukutana na mgonjwa, na ulikuwa unacheza mpira uwanjani Uyole mpaka giza linaingia. Tuiache.

Wanaolijua neno hili kwa usahihi, kwa maoni yangu, ni wafugaji na mabwana mifugo, ingawa hata wao ukikaa nao kwenye benchi la kitimoto wanateleza. Homa ya nguruwe haina tiba, inaweza kulimaliza banda zima, na inasafiri na nyama, makombo, buti na gari lililobeba mnyama. Ikipiga, wilaya inawekewa karantini: nguruwe hatoki wala haingii, kibali cha kusafirisha hakitolewi, bucha za nguruwe zinafungwa, na kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kunabandikwa tangazo lenye muhuri. Hapo ndipo lalamiko lilelile linapoanza, kwenye vilabu na kwenye mabenchi ya bodaboda: nguruwe wangu wazima, wanakula vizuri, karantini ya nini?

Ni kwa sababu ni wazima, ndugu yangu. Karantini imeandikwa kwa ajili yao. Ugonjwa huu unaweza kujificha siku 4 hadi 19 kabla mnyama hajaonyesha kitu, na nguruwe anayekula vizuri leo Jumatatu ndiye anayeweza kuupeleka mnada wa Jumamosi. Anayeumwa hasumbui karantini, kwa sababu hakuna anayemnunua akimwona.

Kwa hiyo ukitaka kusema sawasawa, sema nguruwe wa wilaya nzima wako karantini, wakiwemo wako walionenepa. Yule mmoja aliyeacha kula tangu jana, ana homa, na masikio na ngozi ya tumbo vimeanza kuwa vyekundu, huyo usiseme yuko karantini. Mtenge na wenzake, usimchinje kwa siri, usiwape jirani hata figo, na mpigie bwana mifugo kabla ya jioni.