Njaa Haijawahi Kumfundisha Mtu Kukimbia

Jumamosi iliyopita, watoto wakikimbia mita 800 kwa mara ya nne, mzazi mmoja alinijia pembeni mwa uwanja. Mwanawe ana miaka 14. Nilikuwa nimemwomba amtafutie raba za mazoezi, hata za mtumba, kwa kuwa zile anazokimbilia zimeisha soli kabisa. Akaniambia kwa upole, tena kwa heshima zote: “Mwalimu, usimdekeze. Kipchoge alikulia kwenye shida, akakimbia kwenda shule kila siku. Shida ndiyo iliyomfanya bingwa.”

Ninafundisha watoto mbio huku nyanda za juu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, walimu wakuu, wachungaji, viongozi wanaokuja kugawa vikombe, na hata makocha wenzangu ambao wanajua vizuri kwamba mambo hayakuwa hivyo. Safari hii sikumjibu mzee yule kwa sababu nilikuwa nimeshika saa na watoto walikuwa wanaingia kona ya mwisho. Namjibu hapa, na nitampelekea asome.

Tuanze na huyo huyo aliyetajwa. Eliud Kipchoge, bingwa wa maratoni, alizaliwa tarehe 5 Novemba 1984 kule Kapsisiywa, Nandi, kitinda mimba kati ya watoto wanne. Baba yake anamjua kwa picha tu. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea, akawalea peke yake. Kijana alipomaliza shule alizunguka kwa majirani na baiskeli akikusanya maziwa ya kuuza sokoni. Kwa hiyo shida ilikuwepo, wala simbishii mtu hapo.

Ila kwenda shule alikimbia kilomita tatu hivi. Tatu! Nina watoto uwanjani wanaotembea mara mbili ya hapo, asubuhi na jioni, na bado mita 3,000 zinawashinda. Tena jambo ambalo wasimulizi hulipita kimya ni kwamba alipokuwa sekondari pale Kaptel, Kipchoge hakuwa mkimbiaji wa mashindano. Miaka yote ile ya kwenda shule mbio, na hakuna aliyemwona kama bingwa. Darasani alikuwa na wenzake waliopita njia ile ile, wakala ugali ule ule, wakanyeshewa na mvua ile ile. Kama njia ya shule ingekuwa inatoa mabingwa, kijiji kizima kingekuwa na medali.

Kilichobadilika ni kwamba, akiwa na miaka 16 mwaka 2001, alikutana na Patrick Sang. Huyu alikuwa jirani wa kule kule, lakini hakuwa jirani wa kawaida: medali ya fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, fedha mbili za dunia mwaka 1991 na 1993, na masomo ya chuo kikuu Texas. Kijana akamwomba programu ya mazoezi. Akapewa ya siku chache. Akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Akaifuata hiyo pia, akarudi tena.

Naomba msomaji asipite hapo haraka, maana ndipo hadithi yote ilipo. Nimewapa programu vijana wengi sana. Wengi hawarudi. Wanaorudi, nusu yao wameongeza kilomita zao wenyewe kwa sababu wanaamini anayeumia zaidi ndiye atakayeshinda. Niliandika kilomita nane za taratibu, yeye amekimbia kumi na tano kwa kasi ya mashindano, kisha anakuja Jumanne kwenye intavali, zile mbio fupi za kasi zenye mapumziko kati yake, miguu imekufa. Imani ile ile ya mzee yule, kwamba mateso ndiyo mazoezi, imeshaingia kichwani mwa mtoto. Kipchoge alifuata kilichoandikwa, akaandika alichofanya, na amekuwa akiweka daftari la mazoezi tangu ujana wake. Daftari hilo ningependa kuliona kwenye mabango kuliko picha za miguu yenye vumbi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Agosti 2003, Paris, fainali ya dunia ya mita 5,000. Kijana wa miaka 18 kati ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Kipchoge 12:52.79, El Guerrouj 12:52.83, Bekele 12:53.12. Gawanya muda ule kwa mizunguko kumi na miwili na nusu, utapata chini kidogo ya sekunde 62 kwa kila mzunguko, bila kupumzika, na ile mita mia ya mwisho mbele ya El Guerrouj, bingwa wa dunia wa mita 1,500 ambaye kwa lala salama hakuwa na mwenzake. Mwendo wa kwenda shule haukupi kitu hicho. Unakupa moyo mkubwa kiasi, kano imara na kifundo cha mguu kinachojua mawe. Huo ni msingi. Kasi ya sekunde 62 inajengwa kwa intavali zilizopimwa, wiki baada ya wiki, na mtu mwenye saa anayejua siku ya kukwambia leo inatosha.

Kuhusu viatu nitasema kwa kifupi. Watu hunitumia picha ya Faith Kipyegon, bingwa wetu wa mita 1,500, akikimbia mbio za nyika za dunia miguu mitupu. Ni kweli, Bydgoszcz 2010 alikuwa wa nne kati ya wasichana chipukizi bila viatu, na mwaka uliofuata akashinda. Lakini rekodi zake zote za dunia amezivunja akiwa na spaiki, viatu vya mbio vyenye meno. Na Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye kila mtu anamkumbuka kwa miguu mitupu ya maratoni ya Olimpiki ya Roma 1960, alikimbia 2:15:16. Tokyo 1964 alivaa viatu, akakimbia 2:12:11. Roma alikimbia peku kwa kuwa hakupata viatu vilivyomkaa vizuri, na nyuma yake kulikuwa na kikosi cha walinzi wa mfalme kilichomwajiri na kocha Msweden, Onni Niskanen, aliyempangia kazi. Kwa hiyo mzee wangu, mtafutie kijana raba.

Sasa njaa, na hapa sitafanya haraka.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na msichana wa mita 1,500 ambaye mguu wake ulikuwa ukigusa ardhi kama haugusi. Katika mashindano ya ngazi ya wilaya aliongoza mizunguko mitatu, na zikiwa zimebaki mita 150 akaanguka kifudifudi. Hakuteleza. Alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama nasi akasema, “Hapo ndipo mabingwa wanatengenezwa.” Nilimbeba yule mtoto hadi kwenye kivuli na sikuweza kusema neno. Zahanati walipompima damu, ilikuwa chini sana. Alikuwa akikimbia na upungufu wa damu kwa muda ambao hakuna aliyejua, mimi nikiwemo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele aongeze kasi.

Fikirini kidogo kinachotokea. Mkimbiaji wa masafa anaishi kwa oksijeni, oksijeni inabebwa na damu, na damu inahitaji madini ya chuma. Mtoto anayekula ugali na mboga kidogo mara moja kwa siku, tena msichana aliyeanza hedhi, akiba yake ya chuma inaisha. Halafu mazoezi yenyewe hayakujengi wakati unakimbia. Wakati wa kukimbia unabomoka. Kujengeka ni usiku, ukiwa umelala na tumbo lina kitu. Ukimpa mtoto mazoezi bila chakula wala usingizi umempa kubomoka peke yake, ndiyo maana tunapata wasichana wa miaka 16 ambao hedhi imekatika na mfupa wa muundi umepata ufa. Wanaacha mbio kimya kimya. Hakuna anayeandika habari zao, na kwa sababu hazijaandikwa, tunabaki na hadithi ya yule mmoja aliyefika.

Kisha kuna hoja ambayo wajuaji hunirudishia, na ndiyo inayonichosha kuliko zote: “Mbona hata leo, na mali yote aliyonayo, Kipchoge anaishi kambini kama maskini? Anaosha vyoo!” Ni kweli. Kambi ya Kaptagat iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi amelala pale siku za wiki na kurudi kwa familia yake mwisho wa wiki. Kazi za usafi zinagawanywa kwa zamu, na zamu yake ikifika anashika brashi.

Lakini tofautisheni kujinyima na kunyimwa. Kambini chakula kinapikwa na kipo saa ile ile kila siku. Chai ipo. Kitanda kipo, na mchana wanalala. Misuli ikikaza kuna mtu wa kuikanda. Hakuna anayewaza karo ya mdogo wake wala mahindi yaliyoisha ghalani. Wameondoa kila kinachoweza kumsumbua mtu kati ya zoezi la asubuhi na la jioni. Mtu anayeishi hivyo ana maisha ya kawaida, na kwa mkimbiaji ni maisha ya anasa. Nyumbani kwa watoto wangu wengi ni kinyume chake: kila kitu kinasumbua. Anayeyaona maisha hayo mawili akasema ni mamoja hajawahi kulala njaa, au amesahau ilivyokuwa.

Nikisema haya yote, kuna kitu kinanikwaza, na sitakificha. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera walichapisha uchunguzi wao kuhusu wakimbiaji wa Kenya na maisha yao ya utotoni, wakiwalinganisha na Wakenya wasio wakimbiaji. Wakimbiaji walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliokwenda shule kwa kukimbia, na kutoka mbali zaidi. Siwezi kulifuta hilo kwa sababu linanipinga. Labda miaka ile ya utotoni inamjenga mtu kwa namna ambayo mazoezi ya baadaye hayawezi kuifidia. Labda pia kukimbia shule ni alama tu ya kuzaliwa mahali fulani, kwenye mwinuko fulani, kati ya watu wanaowaona mabingwa wakipita barabarani kila asubuhi. Nimewaza hivi na vile. Pia nimeona kijana aliyeingia mbio kwa ajili ya kuwatoa wadogo zake kwenye dhiki akivumilia mazoezi ambayo wenzake wa mjini waliyakimbia. Haja inasukuma watu, hilo nimelishuhudia. Lakini haja ya kijana na tumbo tupu la mtoto ni mambo mawili, na hakuna mahali popote katika uchunguzi wowote nilipoona mtu akishauri watoto wanyimwe chakula.

Na mtazameni David Rudisha. Baba yake, Daniel, alipata fedha ya Olimpiki Mexico 1968 katika mita 400 kupokezana vijiti. Kijana alikulia kwenye nyumba yenye medali, akafika Iten kwa kocha Brother Colm O’Connell, na London 2012 akakimbia mita 800 kwa 1:40.91, akiongoza mwanzo hadi mwisho. Alikosa dhiki ya hadithi, hakukosa kocha.

Nirudi kwa Kipchoge, maana kuna mwaka mmoja ambao hotuba za siku ya vikombe huuruka. Mwaka 2012 alishindwa kufuzu kwenda Olimpiki ya London. Alikuwa na miaka 27, na shaba ya Athens 2004 na fedha ya Beijing 2008 tayari, na vijana wapya walikuwa wamempita uwanjani. Kama utoto wa shida ndio ungekuwa nguvu yake, ungemsaidia siku ile ya mchujo. Utoto wake ulikuwa ule ule. Kilichomsaidia ni kwamba Sang alikuwa bado yupo, miaka kumi na moja baadaye, na kwa pamoja wakahamia barabarani. Aprili 2013 alishinda maratoni yake ya kwanza, Hamburg, kwa 2:05:30. Dhahabu ya Rio 2016. Berlin 2018, 2:01:39, sekunde 78 chini ya rekodi ya dunia ya Dennis Kimetto. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, 1:59:40, ambayo si rekodi rasmi kwa sababu alikuwa na wasaidizi wa kasi 41 wanaopokezana mbele na nyuma yake. Watu wanaitaja Vienna kama ushindi wa mtu mmoja. Mimi nikiitazama naona wakimbiaji 41, miongoni mwao mabingwa, waliokubali kukimbia ili mwingine afike.

Mzee yule alibaki uwanjani hadi tukamaliza. Mwanawe alikimbia mita 800 ya sita kwa 2:31, ile ya kwanza alikuwa amekimbia 2:24. Kushuka kule nimekuwa nikikuona kila wiki, na nilikuwa nikidhani ni uvivu. Nikamuuliza kijana amekula nini asubuhi. Akamtazama baba yake kwanza, kisha akasema chai ya rangi.

Kuanzia Jumamosi hii uji utakuwa tayari saa kumi na mbili na robo, kabla ya kupasha mwili. Mama mmoja amejitolea kupika, mwingine analeta maziwa. Tunatafuta sufuria kubwa na mtu wa kutupatia wimbi la uji. Mwenye raba za namba 5 hadi 8 ambazo hazijaisha soli, azilete nazo.