Picha ya Ubongo: Mjibu Muuguzi Bila Kuficha Neno

Majeruhi wa pikipiki au mzee aliyepooza ghafla upande mmoja anapofikishwa katika hospitali ya Nairobi yenye mashine za kupiga picha za ubongo, kwa kawaida hupigwa kwanza picha ya CT, kwa kuwa mashine hiyo hutumia eksirei, humaliza kazi kwa dakika chache na huonyesha upesi kama damu inavuja ndani ya fuvu. Kwa mwenye kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, nayo ni hatari kwa anayevuja damu. Ndiyo maana muuguzi husisitiza kuwauliza jamaa ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

MRI, mashine nyingine ya kupiga picha za ubongo, haitumii eksirei, lakini ina sumaku kali mno ambayo haizimwi hata usiku, wakati chumba hakina mgonjwa. Kwa hiyo maswali ya mlangoni yasichukuliwe kuwa usumbufu. Muuguzi atauliza kuhusu kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kibanio kilichowekwa kwenye mshipa wa ubongo na upasuaji wowote wa zamani, kisha atakagua pini za wigi na dawa za kubandika ngozini, kwani baadhi yake zina utando wa chuma unaoweza kuunguza. Fundi wa Kamukunji anayekata na kuchomelea mabati huulizwa kama aliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, hata miaka mingi iliyopita, kwa sababu sumaku inaweza kuisogeza na kumharibia macho. Akijibu ndiyo, macho yake huchunguzwa kwanza kwa eksirei.

Ndani ya mashine kuna kishindo kikubwa, hivyo mgonjwa huzibwa masikio na kupewa kengele ya kubonyeza mkononi. Mwenye hofu ya mahali pembamba aseme mapema. Si aibu hata kidogo, na akitikisika picha huharibika.

Panapohitajika dawa ya mshipani ya kudhihirisha uvimbe, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kupata mzio wajitaje. Baada ya sindano, muuguzi humwangalia mgonjwa kwa muda, naye mgonjwa asiondoke akihisi muwasho au kubanwa kifua. Mtoto aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hufuatiliwa pumzi na oksijeni mpaka aamke vizuri, na mzazi asimpe chakula kabla ya kuruhusiwa.